Shangazi Aliyeshika Kamba

Ukitaka kuwasha ubishi kati ya wasomaji wa Kiswahili, waambie wakutajie hadithi ya upelelezi ambayo mwanamke ndiye mwenye akili ya mambo. Wa visiwani watakutuma kwa Muhammed Said Abdulla, na hapo watakuwa bado hawajajibu swali. Bwana Msa wake alitokea katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda shindano la East African Literature Bureau la 1957–58 na kuchapwa 1960: kiko mdomoni, swahiba wake Najum ubavuni, mtindo wa Sherlock Holmes na Watson. Wa bara watamtaja Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye katika Kikosi cha Kisasi (1979) kazi ilimfikisha hadi Kinshasa. Wanawake humo mara nyingi ni chambo, au maiti, au tunzo ya kachero mwishoni. Anayejitahidi zaidi atamtaja Nuru, mwenzi wa Joram Kiango katika riwaya za Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma. Nuru ana ujasiri na kichwa chake kinafanya kazi, lakini sifa zote humwendea Joram.

Pendekezo langu halina bastola wala gari la kasi. Ukitoka Masisi kwa Wahunde, mashariki mwa Kongo, ukateremka kuelekea magharibi, milima ya malisho inakwisha na msitu unaanza. Huko Walikale ndiko nyumbani kwa Wanyanga. Siku hizi majina hayo mawili husikika redioni kwa sababu ya koltani ya Rubaya, kasiterite ya Bisie, na vita: mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi mwezi wa Januari na Walikale mwezi wa Machi. Mwaka 1956 habari iliyotoka huko ilikuwa nyingine kabisa. Alikuwepo mtu mwenye hadithi isiyomalizika kwa usiku mmoja.

Jina lake Shé-Karisi Candi Rureke. Karisi ni tenzi kubwa za Wanyanga, na ni jina la mzimu pia. Msimulizi huamini kwamba mzimu huo ndio uliomtaka ajifunze. Aliyekuja kumsikiliza ni Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia kutoka Ubelgiji, lakini aliyesaidia kuyaandika maneno yenyewe ni Kahombo Mateene, Mnyanga, ambaye baadaye alikuja kuwa mtaalamu wa lugha. Kazi ilichukua siku 12. Rureke aliimba kipande, akakisimulia, akakiigiza huku anacheza, mkononi ana kibuyu cha mbegu kinacholia, miguuni njuga. Vijana waliokuwa wakijifunza kwake walipiga gogo kavu lililolazwa juu ya vijiti. Watu waliozunguka waliitikia, wakapiga makofi, wakamtunza. Mara nyingine Rureke aliichomeka ndani ya simulizi amri kwa mwandishi aliyekuwa akihangaika na kalamu, kwamba asonge mbele. Hadhira ya namna hiyo haingoji hadithi ifike mwisho ndipo itoe maoni. Inayatoa papo hapo, na msimulizi anayasikia.

Sasa hadithi. Shemwindo, mwami, yaani mtawala, wa Tubondo, ana wake saba, na anaagiza wamzalie mabinti tu. Mvulana akizaliwa atauawa. Sita wanazaa mabinti. Wa saba, mpenzi wake Nyamwindo, anazaa Mwindo. Wakunga wanaficha siri, nyenje wa ukutani anaitoboa. Baba anarusha mkuki, haumpati. Anamzika, mtoto anatoka. Mwishowe anamfungia ndani ya ngoma na kumtosa majini. Ngoma haizami. Inakwea mkondo huku ikiimba, ikimtafuta shangazi wa Mwindo, Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, joka mwenye kumiliki maji.

Wasomaji wengi humtazama Mwindo na mgwisho wake wa ajabu. Mimi nasema mfuate shangazi. Wasichana walioteka maji wakimletea habari ya kitu kinachoimba, ni yeye anayekwenda, anachukua kisu na kuipasua ngozi ya ngoma. Mwindo anapokusudia kurudi kumtafuta baba yake, Iyangura hamwachi aende peke yake. Shemwindo anakimbilia kuzimu kwa Muisa, na Mwindo akiwa tayari kumfuata humo anamwachia shangazi ncha ya kamba: ikitulia, isipotikisika tena, ajue mtoto kafa. Kisha tunaingia kuzimu tukijua kwamba juu kuna mtu anayeshika kamba. Sijui riwaya ya Willy Gamba yenye hila ya kutia roho juu kuliko hii. Na kamba inatulia kweli, Muisa anapomwangusha Mwindo kwa mkanda wake, mpaka Mwindo anapoinuka tena.

Huko chini kuna mwanamke wa pili, Kahindo, binti Muisa, mwili mzima umejaa buba. Mwindo anamwosha vidonda, na Kahindo anamfumbulia mitego ya baba yake: kiti usikikalie, kasiksi, pombe ya ndizi, usiinywe, ugali wa ndizi usiuonje. Kachero yeyote angelipa fedha nyingi kumpata mtoa habari wa namna hiyo.

Lakini sehemu inayonifanya niiweke hadithi hii kwenye orodha ya upelelezi ni mkutano wa mwisho Tubondo. Mwami kapatikana, waliokufa katika vita vya mwana na baba wamefufuliwa, watu wamejaa. Shemwindo anakiri. Iyangura anasimama, anamsuta kaka yake mbele ya wakuu wote kwa kuwabagua watoto, kisha anauliza jambo ambalo hakuna aliyethubutu kuuliza: wazo lilikuwa la nani? Lingekuwa limetoka kwa mshauri wake, anasema, huyo angechinjwa pale pale. Ni kile kikao cha mwisho cha Bwana Msa, watu wote wamekusanywa na ukweli unawekwa mezani, isipokuwa anayeuweka hapa ni mwanamke, na mkosaji ni kaka yake mwenyewe, tena mwami.

University of California Press ilichapa kitabu 1969, maneno ya Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kwa majina ya Biebuyck na Mateene. Ubishi ukaanza upya, safari hii vyuoni. Biebuyck mwenyewe aliona kwamba majigambo ya Mwindo hayaendani na tabia wanayoisifu Wanyanga, ya kiasi na utulivu, na kwa kweli hadithi inamwadhibu: anaua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba bwana wa radi, na Nkuba anamnyakua hadi mbinguni kumfundisha adabu kwa mwaka mzima. Isidore Okpewho wa Nigeria naye akamjadili katika kitabu chake cha 1979 kuhusu tenzi za Afrika. Mwaka mmoja kabla, Biebuyck alikuwa ametoa masimulizi mengine ya Mwindo katika Hero and Chief. Hayafanani na ya Rureke, kwa hiyo anayetaka kupinga hukumu yangu juu ya Iyangura anazo karatasi za kutosha za kuanzia.