Kabla ya Hojaji: Wasanifu wa Nairobi na Meko ya Rangwe

Mwanafunzi wa usanifu wa bidhaa anayerudi nyumbani Rangwe, kaunti ya Homa Bay, kukusanya data ya mradi wake wa mwisho, huja na bahasha ya hojaji. Ndivyo Sura ya Tatu inavyotaka. Katika vyuo vikuu vyetu, mradi wa shahada ya kwanza umezoeleka kuwa na sura tano, na ya tatu ni ya mbinu za utafiti: kundi lengwa, sampuli, vifaa vya kukusanyia data. Kama anasanifu jiko, atawauliza wapishi umri wao, kiwango cha elimu, na kama wanaridhika "sana", "kiasi" au "hawaridhiki" na jiko walilonalo. Majibu yatageuzwa asilimia na kuchorewa vigawanyo vya duara vyenye rangi. Namna mpishi anavyoushika mwiko haitaandikwa popote.

Mambo hayakuanza hivyo. Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilipofunguliwa Nairobi mwaka 1956, sanaa ilifundishwa bega kwa bega na usanifu majengo. Mwaka 1964 kikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na muda si mrefu wakaja walimu wawili kutoka Kumasi, Ghana: Selby Mvusi, msanii mzaliwa wa Natal, Afrika Kusini, aliyekuwa amesoma Fort Hare na Marekani, na msanifu wa Kiingereza Derek Morgan. Wakaanzisha kozi ya msingi ambayo mwanafunzi alipaswa kuipitia kabla hajaanza kubuni chochote cha kuuzwa.

Mvusi hakuwa na subira na waliotaka msanifu Mwafrika abaki kuchora nakshi za mababu ili watalii wapate cha kubeba. Aliona kwamba Afrika ya miji na viwanda imekwisha kufika, na kazi ya msanifu ni kuisoma jinsi ilivyo: watu wanaishije, wanafanya kazi vipi, wanahitaji nini, na ni karakana gani inayoweza kukitengeneza kitu hicho kwa wingi. Hapo hapakuwa na mpaka kati ya utafiti na usanifu. Kutazama kwa makini kulikuwa ndiyo nusu ya kwanza ya kuchora.

Mvusi alifariki mwaka 1967 katika ajali ya gari humu humu nchini, kabla hajatimiza miaka 40. Idara ya usanifu ilikuwa mikononi mwa Gregory Maloba, mchongaji mzaliwa wa Mumias, aliyefunzwa Makerere na Margaret Trowell na ambaye kazi yake, Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962, ingali imesimama. Maloba alikuwa msanii mkubwa, lakini alitoka katika mila nyingine, ile inayoamini mkono na jicho la msanii binafsi. Siamini kwamba mwelekeo wa Mvusi ulizikwa naye, ila ulipoteza mtetezi wake mkali zaidi.

Huko ng'ambo nako hakukuwa kimya. Mkutano wa London wa mwaka 1962 kuhusu mbinu za usanifu ulijaribu kuifanya kazi ya kubuni iwe na hatua zinazoweza kuelezwa na kukaguliwa, na mwaka 1970 Christopher Jones akatoa kitabu kizima cha mbinu hizo. Kwa msomaji wa Rangwe, hata hivyo, ningependekeza zaidi mfano wa India. Charles na Ray Eames, katika ripoti yao ya mwaka 1958 kwa serikali ya nchi hiyo, waliichambua lota, chombo cha kawaida cha maji, kwa maswali: inabebwa kichwani au kiunoni, inamiminaje, inaoshwaje, ikijaa uzito wake unakaa wapi? Ripoti hiyo ilichangia kuzaliwa kwa taasisi ya taifa ya usanifu ya Ahmedabad mwaka 1961.

Kenya ilipata lota yake miaka ya 1980 ilipoanza. Wazo la kutia udongo wa kuchoma ndani ya jiko la makaa lilitoka Thailand, likaunganishwa na jiko la bati ambalo mafundi wa jua kali walikuwa tayari wanaliuza. Matoleo ya mwanzo yaliyofunikwa udongo ndani kote yalikuwa mazito, na udongo ukapasuka. Baada ya majaribio na mafundi pamoja na wapishi, udongo ulibakizwa sehemu ya juu tu na bati likapewa kiuno. Ndilo jiko tunalolijua leo. Max Kinyanjui na wenzake waliohangaika nalo walitegemea jikoni na karakana kuliko fomu za kujaza.

Upande wetu wa ziwa, ambako kuni hupikiwa zaidi ya makaa, kazi ilihamia kwa wafinyanzi. Kwa Waluo ufinyanzi ni kazi ya wanawake tangu jadi, na vikundi vya akina mama magharibi mwa Kenya vilifundishwa kutengeneza kwa kalibu kikombe cha udongo cha jiko la Upesi, kinachojengewa kwa tope katika sakafu ya jikoni. Tope hilo lina maana kubwa. Anayesonga ugali wa watu kumi huegemea mwiko kwa uzito wa mwili, na jiko jepesi lisiloshikizwa huteleza au kupinduka. Ukimwuliza mama kama jiko lake ni imara, atakujibu kwa adabu kwamba ni zuri. Mwangalie akisonga, utaona mguu wake unalizuia.

Hojaji ilipataje nguvu basi? Idadi ya wanafunzi iliongezeka, na wasimamizi walihitaji kipimo kimoja kwa wote. Mwaka 1999 Olive Mugenda na Abel Mugenda walichapisha jijini Nairobi kitabu cha mbinu za utafiti kilichoenea hadi ikawa nadra kukuta mradi usiokinukuu, hasa pale mwanafunzi anapotetea sampuli ya asilimia 10 hadi 30. Kitabu ni kizuri kwa kilichokusudiwa, yaani sayansi za jamii. Lawama ni ya idara zilizokiazima bila kukipunguza wala kukiongezea. Miaka sita kabla yake, Christopher Frayling wa chuo cha sanaa cha London alikuwa amekwisha kutofautisha kutafiti kuhusu usanifu na kutafiti kwa njia ya kusanifu kwenyewe. Mwanafunzi wetu hulazimishwa kufanya la kwanza, kisha hutahiniwa kwa kitu alichokiunda, na sehemu hizo mbili hazizungumzi.

Ningekuwa mtahini, ningeomba Sura ya Nne yenye michoro ya mkono, vipimo, na saa: moto uliwashwa lini, maji yalichemka lini, kuni zilisukumwa mara ngapi. Na ningeuliza msimu. Mvua za masika hapa huanguka Machi hadi Mei, kuni zikawa mbichi, moshi ukajaa na mlango ukaachwa wazi. Aliyefanya utafiti wake Januari amepima jiko lingine.