Swichi ya Mlango wa Nyuma

Kioo cha mlango wa nyuma wa Toyota ya mjomba kilikuwa kinashuka lakini hakipandi. Bibi hukaa upande huo. Kutoka Akheri hadi Tengeru alikula vumbi la kiangazi na kukohoa njia nzima. Mjomba alishatoa hukumu: swichi imekufa, inunuliwe nyingine.

Fundi, kijana wa rika langu, hakukimbilia dukani. Alibonyeza swichi ya nyuma, kisha ile ya mlango wa dereva inayoendesha kioo hicho hicho. Kote kilishuka, kupanda kikagoma. Mota ni nzima, akasema, maana inazunguka. Akachomoa swichi ile, akaweka ya mlango wa pili. Ugonjwa haukuhama.

"Basi twende mbele," akasema.

Mota ya kioo ina nyaya mbili. Umeme ukiingia kwa huu na kutokea kwa ule, kioo hupanda, ukigeuzwa, hushuka. Lakini katika magari mengi umeme unaotoka kwenye mota haurudi moja kwa moja kwenye bodi. Hupita swichi ya nyuma, ukaenda hadi swichi kuu ya dereva, ndipo ukashuka kwenye bodi. Kipande kimoja cha shaba kikiungua huko mbele, abiria wa nyuma hubonyeza bure. Fundi alifungua swichi kuu, akakuta masizi, akapitisha msasa laini. Kioo kikapanda.

Nilisimama pale nikiifikiria tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu Akheri. Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa hapa. Jeshi la Kijerumani likaja kuadhibu. Rasimu yangu ilianza usiku ule wa mauaji, kama zinavyoanza simulizi nyingi za misheni. Ukianzia hapo, Wameru ndio swichi mbovu: walipiga, wakapigwa.

Bibi alipokuwa amenisikia nikiisoma, aliuliza jambo moja tu: "Na kabla ya hapo, mwanangu?"

Kabla ya hapo, Ujerumani ilishaitangaza nchi hii kuwa koloni lake bila kuwauliza waliokuwa wanalima migomba ya mlimani. Kabla ya hapo, sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe Afrika Mashariki yote. Wamisionari wale wawili hawakustahili kufa. Lakini walikuja wakati mmoja na bunduki, na mkulima wa Meru angezitenganishaje?

Hata mgogoro wa Engare Nanyuki haukuanza mwaka 1951, Wameru walipofukuzwa, wala mwaka 1952, Kirilo Japhet alipofikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Ulianza pale ardhi ya Wameru ilipogawiwa walowezi na Wajerumani.

Jioni ile nilifuta ukurasa wa kwanza. Sura mpya inaanzia kabla ya 1896, na Bibi ameomba nimsomee.