Fahamu Namna Viputo vya Hewa Vinavyoondoa Metali Nzito katika Majitaka

Neno makinikia lilienea midomoni mwa Watanzania mwaka 2017, baada ya makontena 277 ya mchanga wa madini kuzuiwa katika Bandari ya Dar es Salaam. Lililozungumzwa kwa uchache ni namna makinikia yanavyopatikana. Mawe husagwa, huchanganywa na maji na dawa maalumu, kisha hewa huingizwa ili viputo vibebe chembe zenye shaba na dhahabu hadi juu, ambako hukusanywa pamoja na povu. Njia hiyo, ikirekebishwa, hutumika pia kuondoa risasi, kromiamu, shaba, zinki na kadimiamu katika majitaka ya migodi na viwanda.

Umuhimu wake unatokana na tabia ya metali zenyewe. Kinyesi na mabaki ya chakula huozeshwa na bakteria, metali haiozi. Hubaki katika tope la mto, huingia katika mboga na samaki, na hatimaye hujikusanya katika figo na mifupa ya binadamu. Risasi, hata ikiwa kidogo, hudhuru ukuaji wa ubongo wa mtoto. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza kuwa maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.01 ya risasi kwa lita, na miligramu 0.003 ya kadimiamu, yaani gramu 3 tu katika lita milioni moja. Kwa wakazi wa bonde la Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, ambako mboga hulimwa kandokando ya mto unaopita katika maeneo ya viwanda, suala hili linafika hadi mezani.

Ugumu ni kwamba metali iliyoyeyuka haishikamani na kiputo. Ni lazima kwanza ibadilishwe hali. Njia iliyozoeleka ni kuongeza chokaa ili kupunguza tindikali, metali igeuke kuwa chembe laini zisizoyeyuka, kisha kutia dawa ya kuzigandisha chembe hizo ziwe mabonge mepesi. Hapa ndipo mitambo mingi hukosea, kwa kuwa kila metali ina kiwango chake cha pH. Zinki, kwa mfano, chokaa ikizidi huyeyuka tena na kurudi majini. Kromiamu yenye sumu kali zaidi, ile ya daraja la sita, haigandi kwa chokaa hata kidogo. Sharti kwanza ishushwe hadi daraja la tatu kwa dawa nyingine, maji yakiwa bado na tindikali.

Njia ya pili ilielezwa mwaka 1959 na mwanakemia Felix Sebba wa Afrika Kusini. Yeye alitumia dawa za jamii ya sabuni, ambazo molekuli zake zina chaji ya umeme iliyo kinyume na ya metali. Upande mmoja wa molekuli huivuta metali, upande mwingine huambatana na kiputo. Njia hii hufaa pale metali ilipo kidogo sana, lakini bei ya dawa hizo huifanya isitumike kwa wingi.

Viputo vyenyewe hupatikana kwa kanuni inayoonekana katika chupa ya soda. Hewa huyeyushwa katika maji kwa mgandamizo mkubwa. Mgandamizo unapoachiliwa ndani ya tangi, hutokea viputo vingi mno, vyembamba kuliko au sawa na unywele. Hivyo hupanda polepole na kuyanyanyua mabonge, nacho chombo kama reki hukwangua povu juu. Kazi ambayo katika bwawa la kutuama huchukua saa kadhaa hukamilika kwa dakika chache, katika eneo dogo. Hata hivyo, kiwanda kidogo chenye ardhi ya kutosha na umeme usio wa uhakika huenda kikanufaika zaidi na bwawa.

Lililo zito zaidi ni povu. Metali haijatoweka; imehama tu. Kiwanda kinachotoa lita 100,000 za majitaka kwa siku, zenye miligramu 50 za kromiamu kwa lita, hubaki na kilo 5 za kromiamu kila siku, zilizomo ndani ya tope zito mara nyingi zaidi ya hizo. Tope hilo likitupwa dampo la kawaida, mvua ya kwanza yaweza kulirudisha mtoni.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, anayetiririsha majitaka katika chanzo cha maji anapaswa kuwa na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde husika, na taka hatarishi husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mwananchi anayeshuhudia majitaka au tope la kiwanda likitupwa ovyo anaweza kutoa taarifa katika ofisi ya kanda ya NEMC au ya bodi ya bonde. Asisubiri maji yabadilike rangi, kwani maji maangavu pia huweza kuwa na risasi.