Pengo katika Sentensi: Historia Fupi ya Jaribio la Msamiati wa Kiingereza, kutoka Breslau hadi Niania

Makala haya yanachunguza zoezi ambalo kila aliyepita darasani katika Afrika ya Mashariki na ya Kati analifahamu, nalo ni sentensi ya Kiingereza iliyoondolewa neno moja, ambayo mtahiniwa hutakiwa kuikamilisha. Pengine kwa sababu ya kuzoeleka kwake, hatulitilii maanani. Tutaonyesha kwamba zoezi hili halikubuniwa ili kufundishia lugha, wala halikubuniwa ili kuwachuja watu wanaogombea nafasi chache. Kazi hiyo lilipewa baadaye. Aidha, tutadai kwamba pengo halina uzito uleule katika kila lugha. Mahali tunapopatolea mifano ni Niania, katika teritori ya Mambasa, mkoa wa Ituri, zaidi ya kilomita 300 mashariki ya Kisangani, pale ambapo barabara ya kwenda Wamba na Isiro inaachana na ile ya kwenda Mambasa, Komanda na Bunia. Tumeuchagua mji huu kwa kuwa mwanafunzi wake hukutana na Kiingereza akiwa tayari amebeba lugha tatu, na mara nyingine nne.

Kuhusu asili ya zoezi tutasema machache. Mwaka 1897 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya utafiti wake wa mjini Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Wakuu wa mji walitaka kujua kama masomo ya saa tano mfululizo yaliwachosha watoto kupita kiasi. Ebbinghaus aliwapa watoto habari zilizoondolewa maneno na silabi, akapima wepesi na usahihi wao katika kuzijaza. Kilichokuwa kikipimwa, basi, ni uchovu wa akili. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson L. Taylor alilifufua wazo hilo kwa namna nyingine: alifuta neno moja kila baada ya idadi maalumu ya maneno, kwa mfano kila neno la tano, bila kuchagua. Jaribio lake aliliita klozi, kutokana na wazo la wanasaikolojia wa Gestalt kwamba akili ya binadamu hupenda kuliziba pengo katika umbo lisilokamilika. Taylor alikuwa mtu wa taaluma ya uandishi wa habari, na alitaka kujua ni maandishi gani yanasomeka kwa urahisi na yapi hayasomeki. Wasomaji waliposhindwa kujaza, hukumu iliyaangukia maandishi. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa sababu tutalirudia tutakapofika Dar es Salaam.

Sasa tuje Ituri. Kiswahili kiliingia katika msitu huo pamoja na misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19. Stanley alipopita humo mwaka 1887 alizikuta kambi za wafanyabiashara wa Kizanzibari na za Wamanyema. Kutokana na maingiliano hayo kulienea lugha iliyoitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana, nayo ikawa lugha ya soko na ya njia miongoni mwa Wandaka, Wambo, Wabudu, Wambuti na majirani zao. Kiingereza nacho kilifika mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani, ila hakikuingia darasani. C. T. Studd, mmisionari Mwingereza aliyesoma Chuo Kikuu cha Cambridge, alifika Niangara mwaka 1913, na baadaye akaweka makao yake Ibambi, kaskazini ya Niania, ambako alifariki mwaka 1931. Ni mwaka huohuo wa 1913 ambapo Cambridge ilianzisha mtihani wake wa kwanza wa umahiri wa Kiingereza kwa wageni. Watahiniwa walikuwa watatu, na wote walishindwa. Studd hakuleta mtihani. Alijifunza Kingwana, akatafsiri Agano Jipya kwa lugha hiyo. Katika msitu ule Mwingereza ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa lugha, jambo ambalo halijatokea mara nyingi katika historia ya elimu yetu.

Lugha ya ngazi za juu za elimu chini ya Wabelgiji ilikuwa Kifaransa, na misioni za Kiprotestanti za kigeni hazikupata ruzuku ya serikali kwa shule zao hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo Kiingereza kilibaki kwa muda mrefu kuwa lugha ya mgeni anayepita. Kilichokipa nguvu darasani ni hatua iliyochukuliwa baada ya uhuru. Mwaka 1967 Kongo ilianzisha Mtihani wa Serikali, ambao wanafunzi huuita EXETAT, ili diploma ya sekondari itolewe kwa kipimo kimoja nchi nzima. Mtihani huo umezoeleka kwa siku zake nne: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya mchepuo. Siku ya lugha huwa na Kifaransa na Kiingereza. Kila swali lina majibu matano ya kuchagua, na miongoni mwa maswali ya Kiingereza zimo sentensi zinazodai kukamilishwa kwa neno moja. Mtahiniwa asiyejua chochote, akibahatisha tu, atapata kwa wastani moja katika kila maswali matano. Katika klozi ya Taylor, ambayo haina majibu ya kuchagua, bahati ya namna hiyo haipo. Hapa ndipo zoezi lilipobadilika tabia: lilipowekewa majibu ya kuchagua liliacha kuuliza "unaelewa nini?" likaanza kuuliza "utalikwepa jibu gani?" Kenya nayo ilifuata njia hiyo katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023: vifungu vyenye nafasi 15 na majibu manne kwa kila nafasi, katika Kiingereza na katika Kiswahili pia.

Hata hivyo, katika eneo letu hatulifahamu jaribio la pengo lililobeba uzito wa kisiasa kuliko lile la Tanzania la mwaka 1984. Msingi wake ulikuwa umewekwa tangu 1967, pale Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Sekondari ilibaki na Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia Kidato cha Kwanza ifikapo mwaka 1985. Mwaka 1983 serikali ilitamka kwamba pendekezo hilo halitatekelezwa. Hapo ndipo walipokuja wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, kwa ufadhili wa Uingereza, kupima hali ya Kiingereza shuleni. Chombo chao kikuu kilikuwa klozi. Waliyoyakuta yanajulikana: kwa takriban nusu ya wanafunzi wa sekondari waliopimwa, masomo mengine yaliyofundishwa kwa Kiingereza hayakuwa yakiwafikia, na ni kiasi cha asilimia 10 tu ya Kidato cha Nne waliokuwa na kiwango ambacho mtu angetarajia wawe nacho *kabla* ya kuanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Pamoja na hayo, wataalamu hao walipendekeza serikali itoe waraka usio na utata wa kuthibitisha kwamba Kiingereza kinaendelea. Ukafuata mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza, wenye vitabu vingi vya kusoma vya ngazi mbalimbali. Roy-Campbell na Qorro (1997) wameueleza mgogoro huu kwa kirefu, na hatuna haja ya kurudia hoja zao.

Linalotuhusu sisi ni mantiki ya kipimo. Taylor alipotumia klozi, alama ndogo zilimaanisha kwamba maandishi hayamfai msomaji, na kwamba maandishi ndiyo yabadilishwe. Mwaka 1984 chombo kilekile kilitoa alama ndogo, ikaamuliwa kwamba msomaji ndiye hafai, na kwamba yeye ndiye atengenezwe. Takwimu hazikudai uamuzi huo. Ulitoka katika sera, na sera ilikuwa imekwisha kutamkwa mwaka mmoja kabla. Hadi leo Kiingereza ndicho kinachofundishia katika sekondari za serikali nchini Tanzania.

Tukirejea Niania, suala si lugha ya kufundishia, kwani huko ni Kifaransa, ni ushindani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisaini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na ikawa mwanachama kamili mwezi Julai mwaka huo. Mhitimu wa Ituri anayeomba kazi au nafasi ya masomo Kampala au Nairobi hushindana na vijana waliosoma kwa Kiingereza tangu wakiwa wadogo. Anachobeba mkononi mara nyingi ni kijitabu cha sentensi zenye mapengo na orodha ya maneno ya kukariri. Je, pengo hilo linamtaka nini?

Katika Kiswahili sanifu, pengo huzungukwa na alama. Tuchukue sentensi "Watoto wote wanakipenda ____ kile kipya." Hata kabla ya kufikiri maana, ngeli imekwisha kujulikana kutokana na *ki-* tatu zilizobaki. Kinyume chake, ukilifuta neno *wanakipenda* umefuta mtenda, wakati, mtendwa na kitendo kwa mpigo mmoja. Kwa sababu hiyo, kufuta kila neno la tano katika Kiswahili si sawa na kufuta kila neno la tano katika Kiingereza, na alama za lugha hizi mbili hazilinganishiki moja kwa moja, ingawa zimewahi kulinganishwa kana kwamba ni kilo na kilo. Pengo la Kiingereza halina upatanisho wa kulizunguka isipokuwa kidogo sana. Linategemea mazoea: neno gani huandamana na neno gani. Ndiyo maana orodha ya kukariri humwangusha mwanafunzi. Anajua maana ya maneno yote matano aliyopewa lakini hajui lipi ni jirani wa lipi.

Mwalimu wa Niania ana msaada ambao vijitabu vile haviuonyeshi. Mtego unaopendwa na watahini ni "rise" na "raise", "lie" na "lay". Mzungumzaji wa Kiswahili ana tofauti hiyo kinywani mwake siku zote: bei hupanda, mfanyabiashara huipandisha, mtoto hulala, mama humlaza. Anachokifanya Mwingereza kwa kubadili neno, Mswahili hukifanya kwa kiambishi. Upande wa pili, Kiswahili humponza mwanafunzi kwenye vihusishi, kwa vile *-ni* ya *nyumbani* hutosha mahali ambapo Kiingereza hudai "in", "at", "to" au "from". Kifaransa nacho kina mitego yake: mwanafunzi anayetafuta mahali pa kuazima vitabu atakwepa "library", kwa kuwa neno la Kifaransa linalofanana nalo humaanisha duka la vitabu. Mwanafunzi wa Morogoro hasumbuliwi na mtego huo hata kidogo. Sentensi ileile, kwa hiyo, ni rahisi Morogoro na ngumu Niania, wala ugumu huo hautokani na uchache wa maneno.

Na si Kiingereza peke yake. Kiswahili cha Ituri kimepunguza upatanisho wa ngeli kwa kiasi kikubwa. Mtu husema *kitabu yangu*, na anaeleweka na wote. Andika ubaoni "Kitabu ____ kimepotea", na wapo watakaojaza *yangu* bila kusita. Sokoni Niania hakuna atakayegeuza kichwa, ilhali mtahini wa Dodoma au Nairobi atachora mkasi.