Funksheni Fupi Iliyogoma Kuondoka

Novemba 2, 1988, programu iliyoandikwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ilianza kujisambaza yenyewe katika intaneti changa ya Marekani. Mlango mmojawapo iliopitia ni huduma ya finger, iliyosoma maombi kwa gets, funksheni ya maktaba sanifu ya lugha ya C. Huduma hiyo ilikuwa imetenga baiti 512 za kumbukumbu, ikapelekewa 536. Zilizozidi zikafurika hadi kwenye anwani ambayo kompyuta ingeirejea baada ya kusoma, zikaweka nyingine, na mashine ikaanza kutii amri za mgeni.

Ni rahisi kumlaumu aliyeandika finger kwa uzembe, lakini gets hupewa kitu kimoja tu: mahali pa kuanza kuandika. Kwa kuwa haiulizi nafasi iliyopo ina ukubwa gani, hata mtu makini kupindukia hana pa kuutumia umakini wake. Mwenzake fgets huomba vitu vitatu, ukubwa ukiwemo, na kwa macho huonekana mgumu zaidi. Kwangu huo ndio wepesi wa kweli, maana anayeitumia anaweza kujua itaishia wapi. Hata hivyo kiwango cha kwanza cha C, cha 1989, kiliibakiza gets kwa sababu programu nyingi zilikwisha kuizoea. Iliondolewa katika toleo la 2011.

Kuomba ukubwa peke yake hakutoshi. Strncpy, funksheni ya kunakili maneno, huuomba, ila ilibuniwa kwa majina ya mafaili ya Unix ya zamani, yenye nafasi 14 za herufi. Neno likijaa nafasi yote, haliwekewi sifuri ya kulifunga, yaani ya kuonyesha mwisho wake. Ndipo mwaka 1998 Todd Miller na Theo de Raadt wa mfumo wa OpenBSD wakaleta strlcpy, inayofunga neno hata likibidi kukatwa. Ulrich Drepper, aliyekuwa msimamizi wa maktaba ya glibc, aliikataa: ukataji wa kimya kimya huficha kosa. Hoja hiyo ina mashiko, kwani jina lililokatwa laweza kuwa la faili jingine kabisa. Lakini strlcpy hurudisha urefu wa neno zima, na ulinganisho mmoja tu hufichua kilichokatwa. Isitoshe, waandishi wa programu walionyimwa strlcpy waliendelea kubeba nakala zao wenyewe ndani ya programu zao. Glibc iliipokea mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikaingia katika kiwango cha POSIX, ikiwa bado inakata vilevile.