Kifasiri na Mkalimani

Mwanafunzi wa uzamili aliniuliza, "Mwalimu, hesabu zangu za mvua niziandike kwa Python au kwa Fortran?" Nikamuuliza kama amewahi kuhudhuria mkutano wa injili wa mhubiri mgeni.

Mhubiri anasema sentensi, ananyamaza, mkalimani anaitoa kwa Kiswahili, mhubiri anaendelea. Python ndivyo inavyokwenda: programu moja, mkalimani, husoma amri na kuitekeleza hapo hapo. (Ni kweli Python huandaa kwanza msimbo wa kati, ila huo nao husomwa kwa ukalimani.) Mhubiri akirudia sentensi ile ile mara milioni, mkalimani naye ataitoa mara milioni. Ndiyo yanayompata anayejumlisha vipimo vya mvua kimoja kimoja ndani ya kitanzi.

Fortran haina mkalimani jukwaani. Programu nzima hugeuzwa kwanza kuwa lugha ya mashine, ndipo iendeshwe. Chombo kinachoigeuza wengi tunakiita kompaila, na mwenye kutafsiri neno kwa neno atakupa "kikusanyaji". Asichekwe. Grace Hopper alipolitumia jina hilo mwaka 1952, programu yake ya A-0 kweli ilikuwa ikikusanya vipande vya programu vilivyohifadhiwa kwenye utepe na kuviunganisha. Kazi ikabadilika, jina likabaki. John Backus na wenzake wa IBM waliitoa Fortran mwaka 1957, na jina lake walikuwa wameliunda kwa kufupisha maneno yenye maana ya tafsiri ya fomula. Hapo mimi nachukua kifasiri. Mkalimani abaki na m- yake. "Kikalimani" masikioni mwangu ni mkalimani aliyedumaa.

Mwanafunzi hakulazimika kuihama Python. Vipimo vyote akivikabidhi kwa pamoja NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, mkalimani hutoa amri moja tu, na kujumlisha hufanywa na msimbo wa C uliokwisha kufasiriwa. Akiingia kwenye milinganyo ya matriki, atahudumiwa na LAPACK, maktaba iliyozaliwa ndani ya Fortran.

Inayonisumbua ni lugha ya Julia, iliyotangazwa mwaka 2012. Husubiri fanksheni iitwe, ikatazama ni namba za aina gani zilizoletwa, ikaifasiri papo hapo na kuitunza tafsiri. Mwito wa kwanza husuasua, wa pili hukimbia. Huyu amesimama jukwaani kama mkalimani, mkononi ana daftari la mfasiri, na jina lake bado sijalipata.