Mchoro au maandishi?

Mwaka 1921, Frank na Lillian Gilbreth waliwaonyesha wahandisi wa mitambo wa Marekani jinsi ya kuchora kazi hatua kwa hatua. Mwaka 2004 ikaja BPMN, alama za kuchorea shughuli za biashara. Sisi waundaji programu tukadhani kila mtu ataisoma. Lakini umbo la almasi lenye alama ya kujumlisha halikuchagulishi njia, linakutuma zote kwa pamoja. Mgeni atajuaje? Utafiti wa Avner Ottensooser na wenzake, 2012, ulionyesha maandishi yaliwasaidia wasomaji wote, BPMN waliofunzwa tu. Ndiyo maana mteja mgeni humwandikia kwanza: agizo likija, karani akague stoo. Mchoro hufuata, kabla hajatia sahihi na kulipia programu asiyoihitaji.